Goulven Ndani ya Televisheni

Jioni ile ya Julai 1962 Maharit alitoka nyumbani akiwa ameyaacha mabawa ya kofia yake ya kitambaa yaning'inie mabegani, bila kutiwa wanga wa kuyasimamisha. Kwa wanawake wa Pleumeur-Bodou, kijiji cha Ufaransa, hilo halikuhitaji maneno: nyumba ina msiba. Mumewe alizikwa wiki ile, na aliyebaki bila kujua ni Goulven, mwana wao wa pekee. Alitoroka jeshini asipelekwe vitani Algeria, akajificha New York kwa jina la kuazima, hana anwani. Mtu aliyetoka huko ndiye aliyeleta salamu zake: picha za Marekani zikianza kuja moja kwa moja, tazameni watu watakaoonyeshwa darajani, nitakuwepo.

Maharit akawahi baa ya mpwa wake Tanguy, akaburuta kiti hadi puani pa televisheni. Watu wakanung'unika kwamba anawaziba. Tanguy akamwomba arudi nyuma kidogo.

"Nikirudi nyuma, mwanangu ataonaje mabawa?"

Wewe usimcheke. Puto kubwa jeupe la mitambo ya kunasa picha za setilaiti lilisimama pale pale wanakijiji walipokuwa wakichungia ng'ombe, na kijiji kizima kilitamba kwamba siku chache nyuma lilipeleka picha Marekani. Angejuaje kwamba leo linapokea tu?

"Shangazi," Tanguy akasema, "sisi ndio tutakaomwona. Yeye hatatuona."

"Basi waambie mafundi waligeuze."

"Haligeuzwi hivyo, shangazi."

Hakuinuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Setilaiti ilipochomoza picha ikatetemeka, kisha ikatulia: daraja, magari, watu. Na kweli Goulven huyo hapo, amekonda. Akavua kofia, akapunga. Halafu akaanza kuchechemea, akimwigiza baba yake, kama alivyozoea kumtania mezani.

Maharit akayashika mabawa kwa mikono miwili, akayatandaza mbele ya kioo.

"Acha, Goulven. Acha, mwanangu. Baba yako hayupo tena."

Goulven akazidi kuchechemea huku anacheka, mpaka setilaiti ikazama na kioo kikajaa chenga. Tanguy akazima televisheni. Watu walitazama glasi zao, hakuna aliyejua pa kuweka uso.

"Pale mwisho aliacha kucheka?" Maharit akauliza.

"Aliacha, shangazi," Tanguy akamwambia.