Marinda ya Jumatatu

Ni Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, katika mgahawa mdogo mjini Zamość. Bi Bronisława Kędziora anafungua friji kabla hata hajavua koti. Anatoa sahani ya pierogi, vile vifuko vya unga vyenye mjazo, zilizobaki jana, anainua moja, anainusa. Kisha anamtazama mwandishi wa habari hii kana kwamba ndiye aliyeziweka humo.

"Kitambulisho," anasema. "Siku hizi kila mtu ni wa gazeti."

Kitambulisho kinasomwa pande zote mbili. Hata hivyo, mkebe wa mnanaa mkavu unahamishiwa rafu ya juu.

Ana miaka 61, na kumi na mitano kati ya hiyo ameimalizia katika jiko hili. Anasukuma unga, anakata duara kwa mdomo wa glasi, anaweka kijiko cha mjazo, anakunja, kisha vidole vinapita ukingoni kutia marinda. Pierogi mia nane kwa siku, kwa mshahara wa zloti elfu tatu na mia tano kwa mwezi. Magoti yamechoka, ndiyo maana tangu baridi iishe hafanyi kazi Jumatatu.

Balaa lilianzia hapo. Mwanzoni Jumatatu hapakuuzwa pierogi. Wiki sita zilizopita alikuta mabaki ya Jumatatu, tena si ya kiwandani. Yalikuwa ya mkono, na marinda yameegemea kushoto.

"Mji huu wote marinda yanaegemea kulia," anasema. "Yangu ni kushoto kwa sababu mama alikuwa wa mkono wa kushoto, na mimi nilijifunza kwake. Sasa nani ananiiga? Mtu haigwi bure. Wakishaupata mkono wangu, nitaambiwa nikapumzishe magoti moja kwa moja. Nikae nyumbani nitazame njiwa!"

Alimuuliza mwenye mgahawa, Bwana Bogumił Sawa. "Bi Bronia, wewe pika tu," alijibiwa, na Bwana Bogumił akakimbilia simu ambayo haikuwa imelia.

Basi akatega mtego. Bwana Bogumił aliambiwa kwamba siri ya mjazo ni kungumanga. Ludka, anayeosha vyombo, alinong'onezwa kwamba ni kitunguu saumu.

"Nikatia kwangu, mume wangu akala akaomba tena," Ludka anacheka. "Kumbe nalishwa uongo!"

"Umekiri," Bi Bronia anadakia.

"Nimekiri nini? Nimepika nyumbani kwangu!"

Jumanne iliyofuata, ndani ya mabaki hapakuwa na kungumanga wala kitunguu saumu. Palikuwa na jibini laini, nafaka nyeusi ya kuchoma na mnanaa uliokaushwa kivulini, kama inavyopasa kwa pierogi za mkoa huu wa Lublin. "Habari ya kivuli sikumwambia mtu," anasema.

Tangu hapo Bi Bronia hawaamini hata wateja. Wanaotoka Podlasie, kule kaskazini, hawamsumbui, wao wanataka zile ndogo za nyama. Wa mji jirani wa Biłgoraj humwambia kwamba pierogi halisi huokwa, kubwa kama tofali. "Ule ni mkate, waule kwao," anasema. "Lakini anayeagiza za mnanaa halafu akakaa kimya, huyo namtazama mara mbili."

Asubuhi hii anaigeuza pierogi kwenye taa, na mkono unasimama. Kwenye tumbo la pierogi pana kimstari chembamba, kimepinda mwishoni. Anainua nyingine. Kimstari kimo. Nyingine tena, nayo kimo.

Alama hiyo anaijua. Ni ufa wa kibao cha kusukumia cha mama yake, kilichopotea wiki ya mazishi ya mama huyo, miaka tisa iliyopita. Bi Bronia alimshutumu dada yake mdogo, Kazimiera, mbele ya waombolezaji. Kazimiera alikana, na hawajasemezana tena.

"Nilijua!" Bi Bronia anapiga meza. "Miaka tisa nasema ni yeye, naambiwa nina roho mbaya. Nilijua!"

Halafu anaketi juu ya gunia la unga na kulia. Machozi anayafuta kwa kiwiko, maana viganja vina unga.

Bwana Bogumił, aliyeingia jikoni kwa kelele hizo, hana pa kukimbilia. Anakiri kwamba Kazimiera, aliyefiwa na mume majira ya baridi, alikuja kuomba kazi ya siku moja kwa wiki, kibao kwapani.

"Alinisihi nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kazi. Na bila wewe mgahawa huu ni viti tu, Bi Bronia, nani akutoe? Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama magoti yako yanapona."

"Aliuliza ili iweje?"

"Ili ajue."

"Hm," anasema Bi Bronia, na kuendelea kusukuma.

Jumamosi, mwandishi anaporudi kuaga, mfuko wa kitambaa umetundikwa nyuma ya mlango. Jumatatu, anasema Bi Bronia, atakuja ingawa si zamu yake.

"Naja kuchukua kibao cha mama, basi. Maneno sina."

Ludka anachungulia mfukoni. Mna aproni iliyopigwa pasi, na glasi ya kukatia.

"Sasa aproni ya nini, Bi Bronia?"

Bi Bronia anaufunga mfuko, anamkazia macho.

"Na wewe kwa nini unataka kujua?"