Kibanda cha Milango Miwili

Kibanda chenye mlango mmoja mimi nakibomoa. Watoto wa nasari ya kanisa letu huku Matungu wanajua hilo, na wananiita Kukhu Milango, nyanya wa milango, hata mbele ya mwalimu. Waite tu. Wakimaliza kujenga kwa mabanzi na magunia yao, mimi mlinzi wa uwanja ndio napita nikiinama, naingia huku natokea kule. Nikikosa pa kutokea, naangusha.

Uwanja wenyewe niliupanga mimi. Mwalimu alitaka vinyumba vya plastiki kutoka mjini. Nikamwambia mtoto hafurahii nyumba, anafurahia kujenga. Nipe miti na kamba, halafu kati yetu na miwa ya jirani niachie ukanda wa udongo mtupu, upana wa njia ya trekta. Huo naulima mwenyewe, jani lisiote.

Watu wanasema nimezidisha. Basi niseme.

Zamani mimi na mdogo wangu tulikuwa tunajenganga ndani ya miwa, nyumba ya majani makavu, mlango mmoja. Huku kwetu wengi huchoma miwa kabla ya kuikata, na desturi ni mwenye shamba azunguke kwanza akigonga debe ili aliye ndani atoke. Siku ile debe halikugongwa. Trekta ilikuwa inangoja, mwenye shamba akaona anachelewa. Mimi nilitoka na mkono huu uliojikunja. Mdogo wangu hakutoka. Aliyewasha ni mjomba wangu, ndugu ya mama yangu, tumbo moja. Kwenye matanga alisema watoto siku hizi hawana adabu. Leo ni mzee wa kanisa, anatuombea, na hiyo miwa iliyopakana na uwanja ni yake.

Mwaka huu ikakomaa. Alasiri moja watoto wakiwa kwenye kazi yao, nikaona wakataji wamejipanga barabarani na panga. Mjomba ameshika mwenge wa majani, anapapasa mfuko akitafuta kiberiti. Nilivuka ukanda wangu nikasimama kati yake na miwa.

Nikamwuliza debe liko wapi.

"Mwanangu, hayo ni ya zamani," akasema. "Watoto si unao wewe huko uwanjani? Si ndio ulitaka?"

"Zunguka, mjomba."

Wakataji wakacheka. Mmoja akauliza kama mzee anaenda kutahirisha mtu, mbona anatafutiwa ngoma. Mjomba aliwaangalia, kisha akaangalia mkono wangu. Miaka yote hajawahi kuuangalia. Nilimwaga maji ya debe letu la kunawia, lililokuwa kando ya ukanda, nikamsukumia kifuani. Akaokota kijiti, akaanza kutembea kando ya shamba, akigonga kidogo kidogo kama mtu anayeona haya.

Hakuwa ameenda mbali miwa ikatikisika. Akatoka msichana wa nasari yangu, amekumbatia majani makavu mpaka kidevuni, amekasirika.

"Kukhu, nani anapiga kelele? Tunatafuta ya kuezeka."

Nilimshika bega.

"Wewe na nani?"

"Na mdogo wangu. Ako nyuma."

Kicheko cha wakataji kiliisha. Mwenge ukamponyoka mjomba kwapani, na debe likanyamaza. Nilimwambia agonge. Akagonga, sasa kwa nguvu, akiita kwa sauti iliyopasuka, na wakataji wakaanza kuita pia. Mimi sikuweza kuita. Nilitazama tu yale majani, yamesimama kimya, makavu, vile yalivyokuwa siku ile.

Mdogo alitokea mbali, karibu na mtaro, akilia kwamba dada amemwacha.

Mjomba aliketi chini palepale, debe magotini. "Mwanangu," akaanza, "siku ile..."

"Inuka," nikamwambia. "Hujamaliza kuzunguka."