Muhuri wa Isack kwenye Mchoro wa Tupokigwe

Hapa Mtoni, Tupokigwe tulimpa uinjinia siku ileile aliyohitimu chuo. Hakuna aliyeiuliza bodi ya usajili wa wahandisi. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeanza kumwita Injinia, wapangaji tukafuata, na kila harusi mshereheshaji akimtaja tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Mimi Hamisa nilikuwa wa kwanza kusimama. Kumbe tulikuwa tunamvika kilemba cha ukoka.

Kiwanda cha mafuta ya kula kilichomwajiri nacho hakikumhimiza. Bosi alisema usajili ni mambo ya watu wa serikalini. Yeye anachotaka ni boila la mvuke liwake asubuhi. Na likawaka, mwaka baada ya mwaka. Tupo alilijua boila lile kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe.

Mwaka huu kiwanda kikapanuliwa. Tupo akachora njia mpya za mabomba ya mvuke, lakini mchoro ukahitaji sahihi na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Bosi akamkodi mmoja kutoka Kinyerezi. Kufika, ni Isack, ambaye zamani alikuja palepale kwa mafunzo ya vitendo na Tupo akamfundisha kufungua vali bila kuungua. Akaupitia mchoro kwa makini, akaukubali ulivyo, akagonga muhuri. Jina lililobaki pale chini lilikuwa la Isack.

Jioni Tupo alikaa barazani kwangu, chai hakuigusa.

"Da' Hamisa, mie nautamani ule muhuri mpaka mkono unaniwasha."

"Si ukauombe?"

Akanieleza. Bodi inataka kazi uliyoifanya chini ya msimamizi aliyesajiliwa, na kiwandani kwao hayupo hata mmoja. Kwa hiyo jasho lake lote la pale halihesabiki. Nilimhurumia, na bosi wake nikamtukana kimoyomoyo.

Jumapili Isack akaja nyumbani. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuposa, akamgeukia Tupo.

"Shikamoo, dada. Kazini kwetu kuna nafasi. Ni ya chini, ya wahitimu wapya. Ila mie nitakuwa msimamizi wako, na bodi itaitambua."

Niliona kama katukanwa mwanangu. Tupo ameshaanza kuota mvi, leo aanze na watoto waliomaliza chuo juzi? Nikafungua mdomo nimfukuze. Lakini nilipomtazama Tupo nikanyamaza, maana macho yake yalikuwa na njaa ambayo sikuwahi kuiona kwa miaka yote tuliyokaa nyumba moja.

"Nikikosea, utanisahihisha?" akamuuliza Isack.

"Dada, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sijakuuliza hilo. Utanisahihisha?"

Isack akainamisha kichwa.

"Basi jifunze kunisahihisha," Tupo akasema. "Kule kiwandani kazi nimeshaacha."