Kinga yangu ilinitoboa utumbo, Sefu akasema ni maji ya mto

Wakuu, salamu kutoka Mbwera. Shule niliishia la nne, mwandiko mtanivumilia. Ila tumbo langu ni shahidi.

Nilipata kansa ya unyayo. Doa jeusi, nikadhani nimechomwa na kisiki cha mkoko. Likapanda hadi kinena.

Dar nikaanzishiwa dripu. Siyo ile ya kunyonyoa nywele. Daktari akanieleza, miye nikaelewa kishamba.

Ukiwa dunguni, juu ya kichanja cha shambani, unaamia ndege wasile mpunga, teo la kurushia mawe mkononi, upande wa nyumba hurushi jiwe. Watoto wako huko.

Mwili nao una walinzi wa kinga, seli T, na breki ya kuwazuia wasipige wa nyumbani. Kansa inaikanyaga breki hiyo. Mlinzi anaona ndege anakula, mkono hauinuki. Dripu inaiachia breki.

Ikafanya kazi wakuu. Uvimbe ukanywea, nikarudi nyumbani.

Daktari alinionya: "Mzee, ukiharisha tu nipigie. Walinzi wakikosa breki wanapiga hata nyumbani."

Nikaharisha.

Sefu, kaka wa mke wangu, ana duka la dawa. Mtandao huku unashika dukani kwake tu, nami siwezi kusimama. Nikampa namba apige.

Akacheka. "Shemeji, umezaliwa kwenye maji haya, leo unaogopa tumbo? Dar imekulainisha."

Akanipa vidonge vya kuzuia kuhara, na chupa ya kuongeza kinga. Kinga ndiyo inanila, yeye ananiongezea.

"Na daktari?"

"Nimempigia. Kasema endelea."

Uongo. Hakupiga. Nilikuja kumuuliza daktari mwenyewe.

Damu ilipoanza, mke wangu alimsukuma kaka yake mlangoni, akanipakia boti hadi Nyamisati. Tunafika Dar, dawa ya kuwatuliza walinzi imechelewa, utumbo umetoboka. Nikakatwa. Sasa haja yangu inatokea ubavuni, kwenye mfuko.

Na dripu ndiyo basi. "Tukikurudishia itakuua," daktari alisema.

Kinena kimeanza kuvimba tena.

Nilichojifunza: kuhara kwa mgonjwa wa dawa hii si kuhara kwa maji ya mto. Piga simu kwa mkono wako, hata ubebwe. Na kinga si ya kuongeza tu, lazima ijue pa kunyamaza.

Sefu huja kila Ijumaa baada ya swala, analeta kamba wabichi. Anajua daktari kanikataza kuwala.

Mwenye mgonjwa kama mimi aseme hapa. Anayetaka kumtetea Sefu naye aandike. Nitasoma zote, maadamu bado nipo.