Siku timu yangu ya netiboli ilipoingia majarubani na mundu, kesho yake tuna mechi ya wilaya

Habari za mchana wakuu. Vuteni viti, nina stori ya kweli tupu, sio chai. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, na mgongo wangu ni shahidi.

Mimi ni mwalimu wa Hesabu, Mzaramo wa Kisarawe. Nikapangiwa shule ya kata huku Shinyanga vijijini, katikati ya watani zangu Wasukuma. Jina la shule naliacha, na majina ya wanafunzi nimeyabadilisha.

Shule yenyewe ndogo. Kiwanja chetu kiko kwenye njia ya ng'ombe, wakirudi malishoni jioni wanakatiza hapo hapo hata kama kuna penalti inapigwa. Refa anasimamisha mpira, ng'ombe wanapita, mnaendelea.

Nilipofika tu, Mkuu wa shule akanitazama urefu wangu akasema wewe ndiye mwalimu wa michezo. Nikamwambia netiboli siijui. Akasema utaijua, akaendelea na chai yake.

Sasa msimu huo tegemeo la shule lilikuwa mpira wa miguu wa wavulana. Ikaja habari kwamba kule Mwakitolyo kuna shimo limetema dhahabu. Huku wanaita rashi, yaani kila mwenye mikono anakimbilia huko na sururu. Jumatatu naingia mazoezini, nusu ya timu haipo, kipa naye kaenda! Tulivyofungwa kwenye mechi za kata sitaki hata kukumbuka.

Wakabaki wasichana.

Niwatambulishe wawili tu, maana ndio stori yenyewe.

Wa kwanza Limi, nahodha, form four, anacheza centa. Mfupi, ana sauti ya dalali wa mnadani. Yule binti alikuwa anaongoza mazoezi kuliko mimi, na mimi nilikuwa nashukuru kimya kimya.

Wa pili Ng'washi, form three, mfungaji wetu. Mrefu, mpole, unaweza kukaa naye wiki usisikie sauti yake. Lakini mpe mpira chini ya goli lile la nondo alilotuchomelea fundi wa geti, hakosei. Limi alikuwa anamrushia bila hata kugeuza shingo, na Ng'washi alishafika.

Basi wakaanza kushinda. Wakachukua kata. Wakachukua tarafa. Shule yetu haijawahi kufika wilaya kwa mchezo wowote ule, wakuu. Jioni bodaboda wakawa wanaegesha pembeni kuangalia mazoezi, wamama wanakuja na michembe yao, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wanatafuna huku wanashangilia.

Kitu kimoja mkijue. Kwenye mashindano ya wilaya wanakuja wateuzi, wanachagua wachezaji wa timu ya wilaya itakayokwenda mkoani. Limi alikuwa anaiwaza nafasi hiyo tangu form one. Aliniambia mwenyewe, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Nusu fainali ilikuwa Jumamosi. Alhamisi Ng'washi hakuonekana shule.

Nikamchukua Limi tukaenda kwao. Tukamkuta Mama Ng'washi amekaa kivulini nyuma ya nyumba, amejifungua juzi tu, kichanga kiko kifuani. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyechoka. Baba wa nyumba naye yuko Mwakitolyo kwenye rashi hiyo hiyo, simu haipatikani.

Na mpunga umeiva.

Mnaolima mnaelewa. Wale ndege, kwelea kwelea, walishaingia upande wa pili wa kijiji. Wakitua kwenye jaruba lako la mpunga asubuhi, jioni umebakiwa na nyasi. Chakula cha mwaka mzima cha ile nyumba kilikuwa kimesimama pale nje, na wa kukivuna alikuwa Ng'washi peke yake. Tulimkuta ndani ya jaruba, ameinama na mundu, sare ya michezo ameivaa kama nguo ya shamba.

Akatuambia haendi wilayani. Hakulia wala nini. Alisema tu kwamba mama hawezi kuinama.

Mimi kichwani nilishaanza kumpanga mchezaji wa akiba. Ndiyo, ningefanyaje? Nikamwambia Limi tuondoke, tukafanye mazoezi na yule mwingine.

Limi alikuwa anatembea juu ya kingo za majaruba, anaangalia lile la mwisho liko wapi. Akarudi akamuuliza mama kama kuna mundu wa ziada, mama akasema upo mmoja. Limi akasema basi, mingine kila mtu atakuja na wake.

Huku Usukumani, kwa ambao hamjui, vijana wana desturi ya kwenda shamba la mtu kwa kundi. Wanaimba, wanafanya kazi, mwenye shamba anawapikia, kesho wanahamia kwa mwingine. Hiyo naijua. Ila hiyo kesho yetu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mazoezi, na keshokutwa mechi!

Nilimwambia Limi wataumia. Akasema, "Mwalimu, tukienda bila Ng'washi tutakuwa tumekwenda akina nani?"

Mkuu wa shule nikamdanganya kwamba Ijumaa ni mazoezi ya viungo. Kwani uongo?

Ijumaa jua halijatoka, timu nzima iko majarubani. Limi mbele anaimbisha kwa sauti yake ile ya mnadani, wenzake wanaitikia, mpunga unalala. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, nasema kutoka moyoni. Na mimi niliingia. Waliponiona nilivyoshika mundu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja akaniuliza kama kwetu Uzaramoni mpunga unavunwa kwa kuubembeleza. Watani hawana adabu.

Mama Ng'washi, na kichanga chake kifuani, akatupikia ugali na maziwa ya mgando. Tulimkataza asihangaike, akatutazama kama tumemtukana.

Mchana jua kali, Limi akajikata.

Mundu ulimteleza mkononi, makali yakapita kwenye kiganja cha kulia, si kidogo. Nikamwambia basi, kaa pembeni. Akachana upande wa khanga kuukuu, akafunga, akabadilisha mkono. Yaani aliendelea kwa kushoto mpaka jaruba la mwisho, jua linazama. Mpunga wote ukawa umelundikwa nyumbani chini ya turubai, na ndege wakaja wakakuta mabua.

Mama Ng'washi akawashika mikono mmoja mmoja. Wabeja, wabeja sana, asante yao hiyo. Alipofika kwa Limi akaangalia kile kitambaa, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

Jumamosi tukapanda trela la trekta mpaka viwanja vya wilaya. Nusu fainali tulikutana na shule ya mjini, wana viatu vinavyofanana, na mwalimu wao ana filimbi shingoni. Wangu wanashuka kwenye trela wameshika viuno kama vibibi.

Lakini Ng'washi alikuwepo. Wakuu, yule mtoto siku ile alicheza kama ana deni la kulipa uwanjani. Kila mpira uliomfikia aliufunga. Tukashinda kwa goli moja, nikaruka mpaka kiatu kikanivuka.

Tatizo lilikuwa centa. Limi mkono haukunjiki. Pasi ambazo angezidaka amelala zilikuwa zinamponyoka, na wateuzi wamekaa pale pale mstarini. Nilitaka nimtoe apumzike akakataa, alisema akitoka mipira haitamfikia Ng'washi. Kweli, aliendelea kuisukuma kwa mkono mmoja na ilifika.

Jumapili fainali tukafungwa. Miili ilikuwa imegoma, hakuna cha kusingizia.

Baadaye mteuzi mmoja akasimama kutaja timu ya wilaya. Kutoka shule yetu akataja mtu mmoja, Ng'washi. Basi. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Limi, tena kwa kupiga paja maana kiganja hakipigiki.

Hapo niliwaka. Nilimfuata yule mteuzi, nikamweleza habari ya mkono, ya mpunga, ya form four, nikapandisha sauti mpaka watu wakageuka. Akanisikiliza kwa adabu, akasema yeye anachagua alichokiona uwanjani. Hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Narudi nakuta mzozo mwingine. Ng'washi amekaa chini, ameivua jezi ya wilaya aliyopewa, anasema haendi kambini. Yule binti asiyeongea, siku hiyo aliongea. Anasema nafasi ni ya Limi, kwamba mkono ule umekatwa na mpunga wa kwao, atakwendaje kuringa na jezi mkoani. Timu nzima imemzunguka inalia.

Limi akachuchumaa mbele yake. Akaokota ile jezi, akaikung'uta vumbi kwa mkono wake mzima, akamvisha kama unavyomvisha mdogo wako.

Akamwambia, "Hatukuvuna ule mpunga ili wewe ubaki."

Ng'washi alikwenda.

Mimi niligeukia kwenye trela nikajifanya naangalia tairi, mwanaume mzima machozi yananitoka.

Nilichojifunza: nilisomea ualimu miaka, nikadhani nahodha ni yule anayeshinda na kuchaguliwa. Limi hakuchaguliwa popote, na mpaka leo nikisikia neno nahodha namuona yeye, na kile kitambaa cha khanga mkononi.

Mtakaotaka picha, sina, simu ilikuwa imeingia maji jarubani.

Haya, na nyie mliopitia shule za kata, nahodha wenu alikuwa nani? Semeni hapa chini tuwajue na wao. Na Wasukuma mliomo humu, nimeshawasifia sana leo, msizoee.