Kidole cha Glenys

Siku hizi mgeni akiniuliza dukani kama barabara ya kwenda Lorne ni nzuri, namwambia ni nzuri mno, funga mkanda, na picha kapige ukiwa umesimamisha gari. Wanacheka, wanadhani natania. Wao wameiona kwenye picha: bahari upande huu, majabali upande ule, na lami katikati imejikunjakunja kama utumbo. Sisi wa kijiji cha Wye River hatuna barabara nyingine. Mkate unapita humo, daktari yuko mwisho wake, mjini Lorne, na anayekufa kwetu husafirishwa humo humo.

Glenys Pocknell aliijua kuliko sisi sote. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitugawia barua na magazeti kutoka Lorne kwa kigari chekundu, mvua inyeshe isinyeshe, huku akipiga mluzi. Mumewe, Noel, alikuwa seremala. Moto wa msituni ulipoteketeza nyumba yao ya kwanza, Noel alijenga nyingine pale pale mlimani, juu ya nguzo, akapanga kila ubao kwa mkono wake. Kisha kisukari kikamchukua macho. Kikarudi kikamchukua figo.

Basi mara tatu kwa wiki Glenys akawa anampeleka Lorne kusafishwa damu kwa mashine, na mchana anamrudisha. Noel alikwisha kutoa kauli yake mapema, tena mbele yangu, akiwa kwenye baraza yake na kikombe cha chai mkononi.

“Siku Glenys akichoka kuendesha, tunauza, tunahamia Geelong kwa Leanne,” alisema. Leanne ni binti yao. “Kule hospitali iko mtaa wa pili. Lakini huyu hachoki. Huyu ni punda.”

“Punda ni mama yako,” Glenys akamjibu, na sote tukacheka. Alipogeuka kumimina chai nilimwona akiupapasa ubao wa ukuta kwa kiganja. Hakuwa mtu wa kuipenda Geelong hata kidogo, wala mtaa wa pili wa mahali popote.

Sasa, kwetu kuna jambo moja dogo ambalo mgeni halioni. Wenyeji tukipishana njiani, dereva huinua kidole kimoja cha shahada, mkono ukiwa bado uko kwenye usukani. Basi. Hupungi, hupigi honi. Ni kidole tu, lakini asiyekiinua anaonekana amekosa adabu, na habari zake zitafika dukani kwangu kabla yeye hajafika kwake. Noel, na upofu wake, alilifanya jambo hilo mchezo. Akisikia gari linakuja anauliza, “Nani huyo?” Au anabahatisha kwa muungurumo: “Hilo la Daz, linakohoa.” Kisha lazima aulize, “Umemwinulia?” Na Glenys anajibu, “Nimemwinulia.”

Majira ya baridi yalipoingia, malalamiko yakaanza. Wa kwanza alikuwa huyo huyo Daz, fundi wetu wa mabomba, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa kununa.

“Rhonda, hebu niambie,” alisema, pai ya nyama ikiwa tayari mdomoni. “Mama Pocknell nimemkosea nini?”

“Umemkosea nini?”

“Si ndiyo nakuuliza! Mara ya ngapi hii napishana naye, namwinulia kidole, yeye ananitumbulia macho kama sanamu. Hata kope hapepesi. Juzi nimeinua mkono mzima kama mtoto wa shule. Wapi!”

“Labda ile sinki uliyomfungia inavuja.”

“Haivuji! Sinki yangu haijawahi kuvuja!”

Wengine wakafuata. Wakasema anaringa. Wakasema ugonjwa wa mume umempanda kichwani, sasa anajiona malkia wa mateso. Mimi siwezi kukaa na neno rohoni, kwa hiyo alipokuja kuchukua maziwa nikamwambia usoni, “Shoga, watu wanasema siku hizi husalimii.”

“Watu gani?”

“Watu. Daz.”

“Mwambie Daz nilikuwa naangalia njia,” alisema, akatoka bila kuchukua maziwa. Nikamfuata nayo nje. Aliyapokea bila kunitazama, nami nikadhani ni uchovu wa kuuguza.

Ukweli niliujua mwezi wa Septemba, na sikuujua kwa kuambiwa. Gari langu lilikuwa kwa fundi huko Lorne, nikaomba lifti ya kurudi nyumbani na akina Pocknell baada ya Noel kutoka kwenye mashine. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba ya kuudhi. Nikakaa nyuma na vikapu vyangu. Noel alikaa mbele kushoto, amepauka kama anavyopauka kila akitoka kule, lakini maneno hayajapungua.

Ukitoka Lorne kuja kwetu, bahari iko kushoto, na upande wako wa barabara ndio huo wa bahari. Kati ya dirisha la abiria na maji pana changarawe kidogo, mahali pengine pana ukuta mfupi, na pengine hapana kitu. Nimekaa kwenye kiti kile maisha yangu yote bila kuwaza. Siku ile nilianza kuwaza kabla hatujafika kona ya kwanza, kwa sababu niliiona shingo ya Glenys. Mishipa ilikuwa imesimama. Mikono yote miwili imeng’ang’ania usukani hadi vifundo vimekuwa vyeupe, na kila kona ilipokaribia alikuwa anazuia pumzi, halafu tukishaipita anaiachia kidogo kidogo ili isisikike. Alikuwa anamficha Noel pumzi zake.

“Nani huyo?” Noel akauliza. Gari lilikuwa linakuja.

“Mama Hutchings.”

“Umemwinulia?”

“Nimemwinulia,” alisema Glenys. Vidole vyake havikuwa vimesogea hata kidogo.

Macho yetu yakakutana kwenye kioo. Sijawahi kuombwa kitu kwa namna ile. Nikanyamaza, mimi ambaye sijui kunyamaza, nikashika mlango.

Nyuma yetu yakawa yamejipanga magari mawili, na la karibu lilikuwa limetugandia kama linataka kuingia buti. Likapiga honi. Noel akacheka.

“Mama, kwani tunazika? Kanyaga kidogo.”

“Pana utelezi.”

Hapo ndipo gari la Daz lilipotokea mbele, likikohoa. Akatupigia taa mara mbili, kisha mara ya tatu, akapita. Kidole hakuinua, alikuwa bado amenuna.

“Daz katupigia taa,” Glenys alisema.

“Polisi,” Noel akasema papo hapo. “Wamejibanza pale kwenye maegesho na kile kidude chao cha kupima mwendo.” Nami nilikuwa nimeshajiambia hivyo hivyo, na kila mtu wa kwetu angejiambia hivyo, maana mwenzako akikupigia taa kwenye barabara ile ni polisi, si kitu kingine. “Wewe mwendo wako ni wa konokono, hawana la kukufanya. Ila ukienda hivi watadhani umelewa. Kanyaga, mama.”

Honi ikalia tena nyuma. Na Glenys, masikini, akakanyaga. Nadhani alifurahi kusikia polisi. Mahali penye polisi, watu huendesha kwa adabu.

Tukaingia kwenye kona, na kigari cheupe cha kukodi kilikuwa kinakuja upande wetu. Kilikuwa kimetoka kwenye maegesho ya kupigia picha, na dereva wake, wa nchi za kuendesha kulia, alikuwa ameshika kulia kama kwao. Niliona uso wake. Alikuwa anatabasamu bado, na mwanamke pembeni yake alikuwa ameinua simu kupiga picha bahari.

Kulia kwetu lilikuwa linakuja lori. Kushoto hapakuwa na kitu.

Glenys alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likapiga kelele, likaserereka, likasimama pua kwa pua na lile jeupe, karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu meno ya yule kijana. Nikasema asante Mungu. Nilikuwa sijamaliza kusema, gari la nyuma likatugonga.

Halikutugonga kwa nguvu. Lilitusukuma tu, kushoto na mbele, kwenye changarawe, na gurudumu la mbele upande wa Noel likazama, gari likainama, vikapu vyangu vikanimwagikia, machungwa yakabingirika yote kuelekea baharini na kugonga mlango. Injini ikazimika. Mvua ikasikika juu ya bati.

“Glenys,” Noel akasema polepole sana. “Nasikia maji chini yangu.”

Niliogopa kuvuta hewa, niliogopa hata kulia, nikidhani uzito wa chozi ungetosha. Yeye asiyeona ndiye aliyekaa juu ya shimo, naye alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, akisikiliza.

Mwenye lori ndiye aliyetutoa. Alifunga kamba ya chuma nyuma ya gari kwanza, ndipo akafungua mlango wangu, kisha tukamvuta Noel kupitia kiti cha nyuma kama mzigo. Alipokanyaga lami, akakaa pale pale kwenye maji. Yule mwanamke wa kigari cheupe alikuwa analia na kuomba radhi kwa lugha yao. Nilitaka kumtukana, nikamwacha alie.

Glenys alikuwa bado ndani. Hakuweza kuuachia usukani. Nilimbandua vidole kimoja baada ya kingine, baridi kama samaki, nikimwambia, “Haya mama, hiki nacho, haya,” mpaka vikaisha. Nikamketisha karibu na mumewe.

“Imekwisha,” alisema. “Noel, usiogope. Ni utelezi tu. Keshokutwa nitakuwa sawa.”

“Tangu Juni hujainua kidole,” Noel akasema.

“Nimeinua. Mama Hutchings nimemwinulia, muulize Rhonda.”

“Pete yako ya kidole hicho hugonga usukani kikirudi. Tik. Nimeisikia tangu tuoane, mama. Tangu Juni siisikii.”

Glenys akainamisha kichwa. Akatueleza hapo hapo, mvua ikitunyeshea. Juni, kwenye kona isiyo mbali na ile, gari lilimjia vivyo hivyo, Noel akiwa amelala baada ya mashine. Walinusurika kugongana kwa upana wa kiganja. Yule dereva alimpungia mkono wa samahani, akaenda zake. Tangu siku hiyo kila kona ilikuwa na gari nyuma yake. Usiku wa kuamkia siku za Lorne alikuwa anatapika bafuni huku amefungulia maji.

“Naogopa, Noel. Naogopa vibaya. Nikiachia kidole kimoja naona tunaanguka.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungeuza nyumba.”

Noel alipapasa mpaka akaupata mkono wake. “Na mimi sikukuuliza,” alisema, “kwa sababu ungeniambia.”

Nimewajua watu wale nusu ya maisha yangu, na sijasikia neno lililoniuma kuliko hilo. Miezi yote ile walikuwa wameketi bega kwa bega, kila mmoja na hofu yake, wakiilinda nyumba moja.

Lori lilipolirudisha gari lao barabarani, niliendesha mimi mpaka nyumbani, na sitasema niliendesha vizuri. Siku ya pili Daz alikuja dukani macho mekundu. Taa zile alitupigia kutuonya kuhusu kile kigari cheupe, si polisi. Alikuwa amekiona kinayumba. Alikuwa ameshapanga na wenzake zamu za kumpeleka Noel Lorne: Jumanne yake, Alhamisi ya Mama Hutchings, Jumamosi yangu. Tukampelekea Noel habari, tukidhani tumemaliza kazi.

“Nawashukuru,” Noel alisema. “Lakini mwaka huu mtanipeleka kwa mapenzi. Mwakani mtakuwa mnatazama saa. Halafu huyu atakuwa amekaa dirishani kila mara, anasubiri simu ya polisi. Hapana.”

Glenys alikuja kuniambia baadaye kwamba usiku ule alilala hadi asubuhi, na alipoamka aliona haya, kwa sababu alikuwa amelala vizuri.

Nyumba ilipata mnunuzi kabla ya Krismasi, watu wa Melbourne, wa wikendi. Siku ya kuondoka Leanne alikuja kuendesha, Glenys akakataa. Kwenda Lorne unakuwa upande wa mlima, alisema, ataweza mara moja ya mwisho, Leanne afuate nyuma na mizigo. Tulisimama nje ya duka, mimi na Daz na wengine, tukangoja.

Gari lilishuka taratibu. Glenys alikuwa ameng’ang’ania usukani kwa mikono yote miwili, macho mbele, uso mweupe. Hakututazama. Niliona midomo yake ikisema kitu, na Noel pembeni yake akainua kidole chake cha shahada, akakisimamisha sawasawa kifuani, akiielekea pampu ya mafuta iliyo kando ya duka, ambako hapakuwa na mtu.

Daz alivua kofia akahama, akaenda kusimama mbele ya pampu.