Bunduki Iliyopenda Kulia

Harufu ya mafuta ya bunduki siku hizi naipata mara chache tu, nikipita karibu na askari wa benki, lakini kila ikinifikia nasikia baridi ya Timau ikinipanda miguuni. Naiona tena baraza ya mbao ya mzungu mmoja, imejaa masanduku yaliyofungwa kamba na magunia ya sufu ya kondoo. Upepo wa mlimani ulikuwa unatupiga usoni mpaka macho yanatoka maji. Juu ya meza palikuwa na bunduki mbili. Nilikuwa mtoto wa darasa la sita, nimevaa sweta ya mama yangu, na siku hiyo nilijiona mtu mkubwa kuliko wote waliokuwapo.

Uhuru ulikuwa bado mpya na wazungu wa huko juu walikuwa wanauza vitu na kuondoka. Sisi tulikuwa tunakaa karibu na Muthara, na kwa misimu miwili mfululizo nyati walikuwa wamekula mahindi yetu mpaka tukawa tunaombaomba kwa wajomba. Baba aliapa kwamba msimu wa tatu hautatukuta hivyo. Alizungushwa ofisini miezi mingi hadi akapata kibali cha bunduki, akauza fahali wake, kisha akanichukua mimi twende Timau. Sababu ilikuwa lugha. Baba alijua Kimeru tu na maneno machache ya kuamkiana. Yule mzungu hakujua Kimeru, alijua Kiswahili. Nami nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na mwalimu wangu alikuwa amelisema hilo mbele ya kanisa zima. Kichwa kilinivimba. Njia nzima nilikuwa nikijisomea maneno magumu kimoyomoyo, nisije nikaaibika.

Bunduki ya kwanza ilikuwa na kitako kilichochongwa maua na bamba la fedha ubavuni. Baba hakuigusa hata kwa kidole. Ya pili ilikuwa ya bei ya chini, mti wake mkavu usio na pambo, rangi imebanduka. Hiyo ndiyo aliyoishika. Ujanani Baba aliwabebea wawindaji mizigo, kwa hiyo hakuwa mshamba wa bunduki. Alivuta komeo la kuingizia risasi nyuma, akalirudisha, akalivuta tena huku ameinamisha sikio, maana komeo linalochezacheza ni la kukataa. Alichungulia ndani ya mtutu akiuelekeza penye mwanga. Alipitisha ukucha pale kitako kinapokuwa chembamba, akitafuta ufa. Halafu akafanya mambo yake mwenyewe: akainusa, akaipima uzito mikononi, akaipiga kofi dogo la kumtuliza ng'ombe. Mzungu alicheka kidogo. Mimi niliona haya.

"Muulize ina ugonjwa gani," Baba akaniambia.

Nikauliza, kwa Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka. Mzungu akatazama bunduki, akanyoosha mkono upande wa kulia, kule mashamba yake ya ngano yalikokuwa, akasema, "Hii bunduki mzuri, bei kidogo. Lakini napenda kulia. Kila siku napenda kulia." Kisha akapangusa macho kwa leso.

Nilichanganyikiwa. Shuleni tulifundishwa kwamba anayesema "napenda" ni mimi ninayesema. Kwa hiyo mzungu alikuwa anatuambia kwamba yeye anapenda kulia, kila siku, na kweli macho yake yalikuwa yamelowa, na mkono umeelekea shamba analoliacha. Nikamgeukia Baba, nikamtafsiria. "Haina ugonjwa. Ila anasema kila siku anatamani kulia."

Baba aliiweka bunduki mezani taratibu. Uso wake ulibadilika kabisa. Mzungu akachukua risasi moja, akatuonyesha gogo kule bondeni, akasema, "Jaribu." Hilo nililitafsiri sawasawa, lakini Baba alikataa kwa mikono miwili. "Mwambie hatuwezi. Mtu analilia kitu chake halafu mimi nikijaribu mbele yake? Na kitu kinacholiliwa hivyo hakiwezi kuwa kibaya." Hakupunguziwa bei wala hakuomba kupunguziwa. Yeye, ambaye sokoni Kianjai aliweza kubishania mbuzi hadi jua linazama! Mzungu alitutazama, naye akionekana kutoelewa, akapokea pesa, akaturuhusu twende nayo.

Nyati alikuja mahindi yakiwa yameanza kubeba, asubuhi, umande haujakauka. Nilikuwa mlangoni. Baba alipiga, kwa mara ya kwanza tangu ainunue maana risasi zilikuwa chache, na mgomba uliokuwa upande wa kulia wa yule mnyama ukakatika. Akapiga tena, na mgomba mwingine wa upande uleule ukaruka vipande. Nakumbuka nikijiuliza kwa nini Baba anapiga ndizi. Nyati aligeuka. Majirani waliokuja na mikuki na mbwa walimkuta Baba chini ya ua, nyonga imevunjika. Tangu siku hiyo alitembea kwa fimbo, na Mama ndiye aliyelima. Wageni waliokuja kumpa pole aliwaambia neno lilelile: bunduki ni nzuri, mkono wake ndio uliotetemeka. Uwindaji ulipopigwa marufuku aliisalimisha polisi akiwa ameipaka mafuta.

Nilikuwa tayari mwalimu wa Kiswahili, hapa Embu ninapofundisha hadi leo, nilipomsimulia mwenzangu mmoja kisa hiki. Yeye alizaliwa kwenye shamba la mzungu. Alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai. Akaniambia kwamba kwa wale watu "na" moja ilitosha kila mtu na kila kitu: mimi napenda, wewe napenda, bunduki napenda. Bunduki ndiyo iliyopenda kulia. Ilikuwa inapeleka risasi mkono wa kulia, na mwenyewe alitwambia waziwazi, akatuonyesha na upande. Sikuweza kucheka naye.

Jumamosi hiyohiyo nilipanda gari hadi Muthara, nikaketi karibu na Baba nikamweleza yote: maana mbili za neno, mkono ulionyooshwa, migomba. Nilimwambia mkono wake haukuwa na kosa lolote, ni mimi. Nililia nikisema hivyo. Alisikiliza hadi mwisho akiizungusha fimbo yake.

"Lakini alilia, Kagendo," akasema. "Mimi nilimwona."

"Ulikuwa upepo, Baba."

"Nilimwona," akarudia, kisha akamwita Mama aniletee uji.

Hakulizungumza tena, na sasa hayupo. Wanafunzi wangu nikiwaandikia "kulia" ubaoni, pamoja na maana zake, wao huona ni mchezo, na mimi huwaacha wacheke. Nimelifundisha neno hilo miaka mingi kuliko maneno mengine yote, na bado sijajua kama siku ile Baba alikuwa anamtetea yule mzungu, au alikuwa ananitetea mimi.